Umeuziwa Kibovu, au Kiwanja Chenye Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako Unguja na Pemba

Mtu akiuziwa friji bovu hukimbilia polisi. Akiuziwa kiwanja kisha akatokea mwenyewe, huenda kwa sheha. Sheha humwambia nenda mahakamani, karani wa mahakama humuuliza karatasi, na karatasi hana. Hapo ndipo wengi wanapokwama: haki wanayo, ila wamebisha mlango usiokuwa wake, na wamebisha mikono mitupu.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili ukaingia ya sita, utarudishwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Risiti, au hati ya mauziano, hata kama ni karatasi ya daftari iliyotiwa saini kwa kalamu ya mkopo. Usiikunje zaidi, usiandike juu yake. Toa kopi tatu.
- Ushahidi wa malipo: ujumbe wa muamala wa simu, au karatasi ya benki. Kama ulilipa taslimu, majina na namba za waliokuwepo pesa zikihesabiwa.
- Mazungumzo ya WhatsApp na muuzaji. Usiyafute, wala usibadilishe simu kabla ya kuyahifadhi. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar ya 2016 inatambua ushahidi wa kielektroniki, lakini picha ya skrini peke yake hupingwa kwa urahisi; simu yenyewe iwepo.
- Picha za kitu chenyewe, pamoja na namba yake ya kiwandani.
- Jina kamili la muuzaji na pahala anapoishi au anapofanyia biashara. Kwa duka, piga picha ya leseni iliyobandikwa ukutani. Jina la kibao cha nje mara nyingi silo jina la mwenye duka, na huwezi kumshitaki kibao.
- Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi.
- Daftari dogo la kuandika kila ulipokwenda, tarehe, na uliyezungumza naye.

Huna risiti wala hati? Bado unaweza kudai. Mkataba wa mdomo ni mkataba, kazi iko katika kuuthibitisha. Mpelekee muuzaji ujumbe wa adabu: "Kaka, ile friza niliyokupa laki sita na nusu Jumamosi haigandishi, naomba tuonane." Akijibu "njoo kesho tuone", tayari amekiri kwamba alikuuzia. Usianze na matusi, anayetukanwa hajibu.

## Hatua ya 1: Jua umenunua nini, na kwa nani

Hatua hii ndiyo inayoamua mlango wako.

Bidhaa (friji, simu, pikipiki, saruji, fanicha): madai yako yanakwenda mahakama za kawaida. Ni ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Mkoa, kulingana na thamani unayodai. Viwango hubadilishwa, kwa hivyo muulize karani kabla ya kuandika chochote.

Ardhi, mipaka yake, na mauziano yake: Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994.

Nyumba au shamba la urithi lililouzwa na mmoja wa warithi: hapa kuna mizozo miwili ndani ya mmoja. Nani mrithi na ana fungu gani ni swali la Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ina kazi yake katika kugawa mirathi. Mauziano yenyewe ni swali jengine, la Mahakama ya Ardhi.

Kisha uliza: uliyempa pesa ni mwenye mali au dalali? Dalali aliyekutajia mwenye mali na akakukutanisha naye kwa kawaida si muuzaji; anayedaiwa ni mwenye mali. Dalali aliyekuficha mwenye mali, akatia saini kwa jina lake na akapokea pesa mkononi mwake, mtaje yeye. Ukiwa na shaka, wataje wote wawili, mahakama itawachambua.

Muuzaji wa dukani na jirani aliyekuuzia friji lake kwa sababu anahama si sawa mbele ya sheria. Anayefanya biashara ya vitu hivyo anabeba jukumu la ubora hata kama hakutamka neno. Jirani anabeba lile alilolitamka tu: akisema "zima kabisa, halina tatizo" na likawa na tatizo, amejifunga. Akinyamaza, na wewe ukaliangalia ukalipenda, huna pa kumshikia isipokuwa amekudanganya.

## Hatua ya 2: Acha kukitumia, na uamue unataka nini

Sheria ya mauzo ya bidhaa inakupa haki ya kukikataa kitu kisicholingana na kilivyoelezwa, kisichofaa kwa kazi uliyomtajia muuzaji, au chenye ubovu usioonekana kwa kuangalia. Lakini haki ya kukataa haikai milele. Ukiendelea kukitumia kitu miezi mitatu huku unalalamika, utaambiwa umekipokea. Ukishakipokea hurudishiwi bei yote. Unabaki na kudai fidia ya kasoro tu.

Kwa hivyo, kama ni friji, lizime. Lifunike kanga, liweke pembeni. Muite fundi aandike kwa mkono wake alichokiona: compressor imekufa, gesi inavuja, imeshawahi kufunguliwa. Fundi asilitengeneze. Akishalitengeneza, muuzaji atasema ni fundi wako aliyeliharibu, na utakuwa huna jibu.

Kasoro iliyokuwa wazi machoni wakati unanunua usiidai. Mlango wa friji uliopinda uliuona, ukalipa. Madai dhaifu yakichanganywa na yenye nguvu huyapunguzia yote uzito.

Kitu cha wizi kina hukumu yake. Umenunua simu au vespa, polisi wakaja kuichukua kwa kuwa ina mwenyewe. Usigombane nao, aliyekuuzia hakuwa na milki, na asiyekuwa na milki hawezi kukupa. Omba maandishi ya kuchukuliwa kwake, kisha mdai muuzaji bei yote, hata kama ulikitumia kwa muda.

Sasa chagua moja: pesa zote zirudi, ubadilishiwe, au ubaki nacho upunguziwe bei. Anayesema "nataka haki yangu tu" bila ya kutaja kiasi hawezi kusaidiwa na mtu.

## Hatua ya 3: Andika barua ya madai

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wauzaji wengi hurudisha pesa hapa, kwa sababu kwa mara ya kwanza wameona kuwa hutoishia kupiga kelele barazani. Mfano:

> Kwa Ndugu ……………, mwenye duka la ……………, shehia ya ……………
>
> Mimi ……………, mkaazi wa shehia ya ……………, tarehe …………… nilinunua kwako friza moja ya mtumba, nyeupe, namba ……………, kwa shilingi 650,000.
>
> Kabla sijalipa nilikueleza kuwa nataka ya kugandishia samaki na pweza wa biashara, nawe ukaniambia inagandisha vizuri. Tangu nilipoiwasha inapoza tu, haigandishi. Maelezo ya fundi nimeyaambatanisha.
>
> Nimeacha kuitumia tangu tarehe …………… na iko kwangu, unaweza kuja kuichukua.
>
> Naomba unirejeshee shilingi 650,000 ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Isipokuwa hivyo, nitapeleka madai yangu mahakamani.
>
> Saini ……………  Tarehe ……………

Kila mstari una kazi. Namba ya kiwandani inazuia "hii si friza yangu". Maneno ya samaki na pweza yanathibitisha kuwa ulimtajia matumizi, na hapo ndipo jukumu lake lilipozaliwa. "Nimeacha kuitumia" inaonyesha umeikataa. Siku 14 si amri ya sheria. Ni muda wa kiungwana ambao hakimu hatouona kuwa mfupi mno.

Peleka nakala mbili. Moja anabaki nayo, ya pili atie saini ya kupokea. Akikataa kutia saini usivutane naye: muache na barua mbele ya mtu mzima uliyekwenda naye, huyo aandike nyuma ya nakala yako siku, saa na alichokiona, kisha mpigie picha barua hiyo hiyo umtumie kwa simu.

Tahadhari: usiandike "nitakuaibisha mtandaoni" wala "utanitambua". Barua ya madai yenye vitisho huja kusomwa mahakamani, na wewe ndiye utakayeona haya.

## Hatua ya 4: Suluhu kwa sheha, lakini kwa maandishi

Sheha si hakimu. Hawezi kumlazimisha mtu kulipa, na karatasi yake haimgeuzi mtu kuwa mmiliki wa ardhi. Anachoweza ni kuwaita, kuwakalisha, na kushuhudia mkikubaliana. Kwa mizozo ya laki mbili tatu hapa ndipo pahala pake, maana nauli na siku za kazi utakazopoteza mahakamani zitaila nusu ya dai.

Makosa yanatokea mwishoni, pale watu wanapopeana mikono, wakanywa kahawa, wakaondoka. Mwezi unaofuata mmoja anasema tulikubaliana laki nne, mwengine anasema tatu. Andikeni: kiasi, tarehe za kila awamu, nini kitatokea ikikosekana awamu moja, saini za wote wawili na mashahidi wawili. Makubaliano yaliyoandikwa hivyo yakivunjwa, unakwenda mahakamani na dai jipya lililo rahisi zaidi kuliko la mwanzo, maana mwenzako amekiri deni kwa saini yake.

## Hatua ya 5: Polisi, na wakati gani si polisi

Friji kuharibika si jinai. Muuzaji kuchelewa kukurejeshea pesa si jinai. Polisi hawakusanyi madeni, na ukiwafanya hivyo utapoteza wiki.

Nenda polisi ikiwa alikudanganya tangu mwanzo: kiwanja kimoja amewauzia watu wawili, hati ni ya kughushi, amejitambulisha kwa jina lisilo lake, mali ni ya wizi. Omba namba ya taarifa yako. Na hata hapo, kesi ya jinai humuadhibu mkosaji. Pesa zako usiziwekee matumaini huko peke yake. Madai ya pesa yafungue mbali, na mapema, kwa kuwa yana ukomo wa muda.

Bei za kupotosha, vipimo vya uongo au dhamana isiyoheshimiwa zina mlango mwengine: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Chakula na dawa ni Wakala wa Chakula na Dawa. Milango hii haina gharama ya kesi, na muuzaji mwenye leseni huiogopa kuliko anavyokuogopa wewe.

## Hatua ya 6: Ikiwa ni ardhi, simama kwanza

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotelea.

Siku unayosikia kiwanja chako kina mwengine, usiongeze tofali hata moja. Watu hudhani msingi ukishainuka mahakama itawaonea huruma. Kinyume chake, kila mfuko wa saruji unaoweka baada ya kujua kuna mgogoro ni hasara yako mwenyewe.

Kisha fanya upekuzi. Nenda Kamisheni ya Ardhi (ina ofisi Unguja na Pemba) na uombe kwa maandishi taarifa za eneo hilo: nani ameandikishwa, kuna hati gani, kuna zuio lolote. Kama eneo limesajiliwa, peleka pingamizi kwa Mrajis wa Ardhi ili lisihaulishwe (lisihamishiwe mtu mwengine) wakati mnagombana.

Angalia mambo manne haya, kwa sababu kila moja linaweza kuvunja mauziano au kuyatia mgogoro:

Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya 1994, uhaulishaji wa kudumu unapitia kwenye Bodi kwanza. Hati iliyoandikwa na wakili, ikasainiwa na mashahidi na sheha, bila ya kupita Bodi, haijakuhaulishia kitu. Ukiwa nayo bado unaweza kudai pesa zako zirudi, au kumtaka muuzaji akamilishe utaratibu.

Eka tatu. Mashamba yaliyogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 hayauziki kama mali binafsi, hata kama familia imeyakalia miaka hamsini na zaidi. Muuzaji akisema "hii eka ya marehemu babu", ondoka. Ukishalipa, dai pesa, ardhi usiitarajie.

Warithi. Kaka mkubwa ameuza nyumba ya marehemu baba yao. Mama yao yupo, ana thumuni yake. Dada wawili wapo Wete na hawajatia saini. Mmoja ana umri wa miaka 11. Kaka hana uwezo wa kuuza zaidi ya fungu lake, na fungu la mtoto halichezewi. Mnunuzi akitaka kuendelea, apate kwanza mgawanyo wa mirathi na saini za kila mrithi. Akitaka kutoka, amdai aliyepokea pesa.

Miti. Kwetu miti ina mwenyewe mbali na ardhi. Umenunua kiwanja, minazi sita iliyomo ni ya mtu mwengine aliyeipanda au aliyeirithi, na ana haki ya kuja kuangua. Hati isiyotaja miti ni mgogoro uliowekwa akiba. Kama yako haikutaja, kaa na mwenye miti mukubaliane fidia kabla hujakata hata mmoja.

Wenzetu wa Pemba wanaokodi mikarafuu ikiwa bado na matunda mtini waandike mashamba, idadi ya mikarafuu na msimu, si kusema "shamba la bondeni". Na karafuu kavu mnunuzi wake halali ni ZSTC tu, yaani Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar. Ukimpa mtu pesa akuuzie magunia ya karafuu pembeni naye akatoroka, usitegemee mahakama ikusimamie katika biashara ambayo sheria imeikataza.

Ukishakusanya haya, Mahakama ya Ardhi. Pamoja na hati ya madai omba amri ya zuio, ili mwenzako asijenge wala asiuze kwa mtu wa tatu kesi ikiendelea. Peleka ramani au mchoro wa eneo wenye majirani wa pande nne. Mahakama inaweza kwenda kuliona eneo lenyewe. Siku hiyo wazee wanaojua mipaka wawepo, maana mzee mmoja anayeonyesha mbuyu wa mpaka kwa fimbo yake ana uzito kuliko kurasa tano za maelezo.

## Hatua ya 7: Kufungua kesi

Hati ya madai haihitaji Kiswahili cha fahari. Iwe na: wewe ni nani, unamdai nani, mliuziana nini, lini, kwa bei gani, kimevunjwa nini, unataka nini. Aya fupi zenye namba. Nakala za vielelezo zifuate.

Huna uwezo wa wakili? Msaada wa kisheria upo bila malipo: Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na wasaidizi wa sheria walioko majimboni. Waendee kabla hujaandika. Kurekebisha hati iliyokwisha pokelewa ni kazi mara mbili.

Ada lipia kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti. Anayekuambia "nipe mimi nitakulipia" muage.

Hati ya mauziano ya nyumba au ardhi isiyolipiwa ushuru wa stempu inaweza kuzuiliwa isipokelewe kama ushahidi. Ilipie mapema.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na vitu vitatu mkononi: namba ya kesi, tarehe ya kutajwa, na uthibitisho kuwa mdaiwa amepelekewa wito. Cha tatu ndicho kinachosahauliwa. Kesi nyingi huahirishwa mara nne, tano, kwa sababu wito haujafika tu. Msindikize mpeleka wito ukamuonyeshe nyumba.

## Hatua ya 8: Siku za kesi

Usikose hata siku moja. Mdai asipotokea, kesi inaweza kufutwa. Mdaiwa asipotokea na ikathibitika amepata wito, inaweza kusikilizwa upande mmoja.

Jibu ulichoulizwa. "Ndiyo", "hapana", "sikumbuki" ni majibu kamili. Karatasi halisi zije nawe, si kopi.

Mkipatana katikati, msiondoke tu. Peleka mapatano hakimu ayaandike yawe hukumu. Hapo yanaweza kukaziwa.

## Hatua ya 9: Kukazia hukumu

Hukumu haikuletei pesa nyumbani. Asipolipa, unarudi mahakamani hiyo hiyo kuomba utekelezaji, na ni wewe unayetakiwa kuieleza mahakama ana mali gani: gari namba fulani, akaunti benki fulani, bidhaa dukani. Zitafute wakati kesi bado inaendelea. Mahakama inaweza kukamata mali na kuiuza, au kuamuru alipe kwa awamu.

Ukishindwa, omba nakala ya hukumu siku ile ile, kwa kuwa muda wa kukata rufaa umeshaanza kuhesabiwa. Rufaa kutoka Mahakama ya Ardhi hupelekwa Mahakama Kuu.

Na akilipa kwa awamu, kila awamu mpe risiti, ubaki na kopi. Ya mwisho ikishaingia, nendeni nyote wawili kwa karani ikaandikwe kwenye jalada kwamba hukumu imetekelezwa, na kama friza bado iko kwako, iandikwe na siku atakayokuja kuichukua.